Jicho Moja Moja

Uliniahidi bahari, Nyemo, mwaka ule wa posa,
ukaapa mbele ya shangazi zangu watatu
kwamba nitakanyaga mchanga uliolowa.
Mwaka wa sita nikafungua daftari la mauzo ya zabibu,
nikapiga hesabu ya basi, ya gesti, ya samaki,
nikapiga tena kwa kalamu nyekundu:
bahari ilituzidi kwa laki moja na arobaini.

"Singida kuna ziwa," ukasema. "Nalo lina chumvi."
Nikacheka hadi chai ikanitoka puani.
Alfajiri tukaazima toyo ya shemeji,
kwa sharti irudi na tangi kama ilivyoondoka.

Elfu arobaini na tano, nimezifunga pindoni mwa khanga.
Viazi vya kuchemsha, karanga, chupa ya uji wa uwele,
na mgongo wako, kinga yangu ya upepo hadi Kigwe.

Kabla ya Bahi akavuka digidigi,
miguu kama njiti nne za kiberiti,
akasimama katikati ya lami akitukagua
kama trafiki asiyetaka chochote.
Nikaandika: digidigi, mmoja, bure.

Kintinku, pancha.
Msumari mrefu kama kidole, na fundi kaenda msibani.
Ukautukana msumari, ukamtukana aliyeudondosha,
ukanyamaza ulipomkaribia shemeji.
Saa tatu tulikaa ukingoni mwa majaruba ya mpunga,
na hapo ndipo walipotua ndege mwari, kumi na wawili,
wazito, wakipasua maji kwa vifua,
mifuko ya midomo imejaa
kama pochi ya mtu aliyelipwa leo.
Nikasahau kuandika.
Fundi alirudi na macho mekundu, akaziba tairi,
akasema siku ya maziko hapandishi bei.
Elfu tatu. Hiyo nikaiandika.

Kwenye mlima wa Saranda toyo ikakohoa.
Nikashuka, nikaufuata moshi wako kwa miguu.
Tumbili wakaniona: mmoja akapokonya kiazi mkononi,
mwenzake akaondoka na karanga,
na mfuko wake, na fundo nililolikaza kwa meno.
"Hao nao," ukasema, "wako likizo ya bei poa."

Manyoni, gesti ya elfu kumi na mbili,
maji ya ndoo, neti yenye tundu la kupitisha ngumi.
Taa ilipozimwa tukalisema
lile ambalo nyumbani huwa tunalizunguka:
kitanda kidogo tulichokiuza mwaka jana,
bado kina nailoni yake ya dukani,
na bei yake, ambayo sikuwahi kuiandika popote.
Kisha hatukusema tena. Ulinishika kisigino
kwa mguu wako hadi jogoo wa jirani.

Singidani. Majabali, upepo, magadi meupe ukingoni.
Heroe walikuwa ng'ambo huko, ukanda mwembamba wa waridi,
pindo la nguo iliyoanikwa na mtu tusiyemjua.
Kijana aitwaye Ntandu alikuwa na darubini ya kukodisha.
Elfu mbili. Tulikuwa na elfu moja,
na pesa ya mafuta isiyoguswa.
Akatutazama, akaitazama toyo, akakuna kichwa:
"Basi. Jicho moja moja."

Tukagusanisha mashavu, lako vumbi, langu jasho,
wewe tundu la kulia, mimi la kushoto,
tukapumua kwa zamu ili ziwa lisitikisike.
Wakaja karibu, mamia kwa mamia,
shingo zimeinama, kila mmoja kasimama mguu mmoja
kama waliokodi nusu ya miguu yao.
"Unaona?"
"Naona."
"Wangapi?"
"Usihesabu, Sechelela."

Nikachovya kidole majini, nikakutia mdomoni.
Ukakunja uso, ukatema, ukacheka.
Chumvi ni chumvi; tofauti ni nauli.
Juu ya jiwe nikafungua daftari,
nikafuta deni la bahari kwa mstari mmoja,
nikaandika nilichosahau: mwari kumi na wawili, Kintinku.
Na chini yao, kwa herufi ndogo,
kitanda, na bei yake.